Sahani ya Danieli

Soma Danieli 1:8–16. Danieli aliomba apewe chakula gani, na kwa siku ngapi?

Neno la Kiebrania katika fungu la 12 lina mzizi mmoja na neno “mbegu”. Danieli hakuomba apunguzwe mwili. Tena fungu la 15 laonyesha kwamba baada ya siku kumi vijana hao walikuwa wamenenepa kuliko wenzao. Kwa hiyo sura hii haiwezi kutumiwa kumhukumu mshiriki mwenye mwili mkubwa.

Lakini yaweza kumsaidia. Nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga zina nyuzinyuzi, yaani makapimlo, ambazo mwili wa mwanadamu hauwezi kuzimeng’enya. Zinapofika katika utumbo mpana, baadhi yake huwa chakula cha bakteria wenye faida. Vitunguu maji, vitunguu saumu na kunde vina nyuzinyuzi za namna hiyo. Bakteria huzichachusha na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Hivyo Muumbaji ameweka ndani ya kila mtu viumbe wasioonekana, nao hula kile anachowapelekea.

Kwa mtu mwenye unene uliokithiri, makapimlo hushibisha kwa muda mrefu, hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na hulainisha choo. Hata hivyo, peke yake hupunguza uzito kidogo tu. Ndugu huyo asiahidiwe muujiza, wala asidhaniwe kuwa mlafi uzito wake usiposhuka.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji na Mkristo aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, alitambua kwamba watu wa vijijini waliokula vyakula visivyokobolewa walipata kwa nadra magonjwa kadhaa ya utumbo yaliyokuwa ya kawaida Ulaya. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kila siku.

Soma Warumi 14:13. Kikwazo kinachotajwa hapo chaweza kuwekwa hata mezani. Mshiriki mnene huambiwa ajitawale, kisha katika chakula cha pamoja cha Sabato huandaliwa wali mweupe, mkate mweupe na soda. Kanisa linalompenda hubadili chungu kabla ya kumshauri: dona badala ya sembe, maharage, mchicha, matunda na maji. Mabadiliko yafanywe polepole, maana makapimlo mengi kwa ghafula hujaza tumbo gesi. Anayetumia dawa za kisukari azungumze kwanza na daktari wake.

Maswali ya kujadili:

1. Je, mwenye mwili mkubwa akiketi katika darasa lenu, husikia habari njema au lawama?

2. Sabato ijayo, ni chakula kipi kimoja mtakachobadilisha kwa ajili ya wote?