Utundu wa Mtoto: Kosa ni la Nani?

Huku Gatsata, kaskazini ya Kigali, mtaa uliojulikana kwa gereji, fundi afufuaye magari kwa waya na nyundo husifiwa kuwa ni mtundu. Mtoto wa miaka miwili afunguaye kila kifuniko huitwa mtundu vilevile, ila yeye hupigwa. Ndugu walimu, neno ni moja. Mbona hukumu mbili?

Jioni moja mwanangu alitia nati kinywani. Niliichomoa kwa kidole, kisha nikamchapa. Bibi jirani akaniuliza, "Mwanangu, nati hiyo ilikuja mkekani kwa miguu yake?" Ilikuwa imeanguka kutoka mfukoni mwangu.

Wenzangu watasema, na wana haki, kwamba mtoto hana budi kuzuiwa: nati humkaba koo hata asiyejua maana ya kosa. Nakubali. Lakini kuzuia si kuadhibu. Adhabu humpasa ajuaye alitendalo, na chumbani mle mjuzi alikuwa mmoja tu. Nilimpiga ili hofu yangu ipate pa kutua. Hilo ndilo linisumbualo, maana mwenyewe alikwisha sahau kabla ya chakula cha usiku, akanijia tena kunipekua mifuko.