Sikio Nalo Litaulizwa



Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri. Mimi ni mpenzi wa muziki wa Nigeria, na si mpenzi wa juu juu. Mwaka 2020, Wizkid alipotoa albamu yake ya Made in Lagos, nilikuwa bado sekondari kwetu Buyenzi, Bujumbura. Wimbo wa Essence, alioimba pamoja na Tems, niliuhifadhi kabla ya kuhifadhi kanuni za fizikia. Desemba mwaka huohuo Tems na mwenzake Omah Lay walikamatwa hapa Kampala kwa sababu ya tamasha lililofanyika wakati wa masharti ya korona. Nilifuatilia habari ile usiku na mchana mpaka nikasikia mashtaka yamefutwa na wote wawili wamerudi kwao. Nikikumbuka siku zile naona haya. Nilimwombea dua mtu asiyejua kama nipo duniani, na baba yangu mdogo, aliyekuwa anaumwa nyumba ya pili kutoka kwetu, sikumkumbuka.

Msanii ninayempenda kuliko wote ni Asa. Jina hilo kwa Kiyoruba maana yake ni mwewe. Alizaliwa Paris mwaka 1982, akalelewa Lagos, na albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2007. Muziki wake huitwa Afro-soul: gitaa, sauti yenye uchungu ndani yake, na maneno yanayouliza habari za dhuluma na za nafsi. Anaimba kwa Kiingereza na kwa Kiyoruba bila kumwomba mtu radhi. Kwa kijana wa Kiafrika, jambo hilo lina uzito. Tumekua tukiambiwa kwamba kizuri kinatoka ng'ambo. Leo ng'ambo wanacheza vya kwetu, hata tuzo za Grammy zimefungua kipengele cha muziki wa Afrika, na aliyekishinda mara ya kwanza, mwaka 2024, ni Tyla wa Afrika Kusini. Nilifurahi kama aliyeshinda ni dada yangu.

Nimesema hayo ili usidhani kwamba anayeandika ni mtu asiyeujua muziki huu, au anayeuchukia.

Likizo ya Idi nilirudi nyumbani. Baada ya swala watu walikaa ukumbini, pilau ikaandaliwa, na mdogo wangu wa kike, ana miaka tisa, akasimama mlangoni na gauni lake jipya akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa Kiyoruba ambao mimi huupiga kwenye simu kila niwapo nyumbani. Jina lake sitalitaja, nisije nikautangaza. Aliuimba wote, kiitikio na beti, bila kukosea hata pumzi. Nyanya alipiga makofi. Mama alicheka. Mimi nikachukua video nikaiweka kwenye status ya WhatsApp, na nilijisikia fahari, maana mwalimu wa mtoto yule nilikuwa mimi.

Jioni ileile mwenzangu wa chumba alinipigia simu. Yeye ni Myoruba wa Ibadan, Mwislamu, amenizidi miaka kadhaa. Nilidhani anataka kunipa mkono wa Idi.

"Yule mtoto ni nani wako?" akauliza.

"Mdogo wangu."

"Na unajua anasema nini?"

Nikasema sijui, ni wimbo tu. Akanyamaza kidogo, kisha akanifasiria. Siwezi kuandika hapa aliyoniambia. Inatosha kusema kwamba ni maneno ya mwanamume anayetamba juu ya mwili wa mwanamke, tena baada ya chupa kadhaa, na kwa Kiswahili nisingethubutu kuyatamka mbele ya mama. Niliifuta video. Lakini watu zaidi ya mia walikuwa wameshaiona, na wimbo ulikuwa bado mdomoni mwa mtoto.

Niliporudi Kampala tulilizungumza jambo hili usiku mzima. Nilikuwa na utetezi wangu tayari, na naamini wengi wenu mnao uleule. Nikamwambia: mimi sielewi maneno, nafuata mdundo. Asiyeelewa hana kosa. Ni sawa na kumsikiliza ndege.

Akatabasamu, akaniuliza kama ninaijua ngoma yao inayobanwa kwapani, ile inayoitwa gangan. Kiyoruba ni lugha ya toni: neno moja likipandishwa au kushushwa sauti hubadilika maana. Ile ngoma ina kamba pembeni. Mpigaji akizibana, sauti hupanda, akizilegeza, hushuka. Kwa hiyo ngoma inaweza kufuata mpando na mshuko wa usemi, na wanaoijua husikia sifa za mtu, methali, hata kejeli, bila mdomo wowote kufunguka. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, lakini Kirundi kinazo, kwa hiyo mimi mtoto wa Bujumbura sikuhitaji maelezo marefu. "Unasema unafuata mdundo tu," akaniambia. "Kwetu hata mdundo unasema."

Utetezi wa kwanza ukaanguka, nikaleta wa pili. Nikamwambia kwamba wanazuoni wamehitilafiana. Hapo nilijiona mtaalamu. Nilikuwa najua kwamba wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamezikataza ala za nyuzi na za kupuliza, na kwamba wanaokataza wanaitegemea hadithi iliyomo katika Bukhari pamoja na tafsiri ya Ibn Mas'ud ya aya ya sita ya Suratu Luqman. Nilikuwa najua pia kwamba Ibn Hazm alizidhoofisha hoja hizo, na kwamba Imam Ghazali katika Ihya aliandika kwa urefu juu ya usikilizaji, akaangalia kinachosikilizwa, anayesikiliza, na hali ya moyo wake. Nilikuwa najua habari ya wasichana wawili walioimba nyumbani kwa Bibi Aisha (r.a.) siku ya Idi. Abu Bakr (r.a.) alipowakemea, Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, maana kila watu wana sikukuu yao.

Yote hayo nilikuwa nayo. Lakini usiku ule nilijiuliza nimeyapata vipi, na jibu halikunipendeza. Sikuyasoma ili nijue. Niliyasoma kama mtu anayezunguka sokoni akitafuta bei nafuu: nilipoikuta rai iliyoniruhusu, nililipa nikaondoka. Tena hata rai ile niliyoichagua haikuniruhusu wimbo wangu. Hakuna hata mmoja kati ya wanazuoni wale aliyesema kwamba uchafu unakuwa halali ukiimbwa vizuri. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mjadala wa ala ili nisiulizwe juu ya maneno.

Ndipo mwenzangu akauliza swali lililonifanya niandike makala hii. "Basi tuseme kutoelewa ni udhuru. Je, Fatiha unaielewa?"

Nikasema ndiyo, bila shaka. Akanitaka nimwambie neno la mwisho la aya ya nne maana yake nini, lile linalokuja baada ya "siku". Nikajibu papo hapo: dini. Siku ya dini. Si ndivyo neno lilivyo, hata kwa Kiswahili?

Hakucheka, na laiti angecheka. Akanieleza kwamba neno lile pale lina maana ya malipo na hukumu. Siku inayotajwa ni siku ambayo kila mtu atalipwa kwa alilotenda.

Ndugu msomaji, piga hesabu pamoja nami. Rakaa za faradhi kwa siku ni 17. Kwa mwaka ni 6,205. Tangu nibaleghe imepita miaka minane, na kama sikuwahi kukosa swala (Allah anisamehe, nimekosa), basi nimelitamka neno lile karibu mara 50,000. Mara 50,000 nimeitaja mbele ya Mola wangu siku ya kuhukumiwa, na akilini mwangu ilikuwa siku ya dini, kitu kama Ijumaa. Wakati huohuo, maana za nyimbo za Asa nilikuwa nikizitafuta mtandaoni mpaka usiku wa manane, neno kwa neno.

Hapo udhuru wangu ukanigeukia. Nikisema maneno nisiyoyaelewa hayahesabiki, basi na swala yangu ni sauti tu, ni sawa na kumsikiliza ndege. Nikisema yanahesabika, kwa sababu ulimi umeyatamka na moyo umeyazoea, basi na ya kwenye wimbo yanahesabika. Siwezi kuchukua thawabu ya kutoelewa msikitini na kukataa dhima ya kutoelewa chumbani.

Najua kuna jibu, na ni jibu la haki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayesoma Qur'ani kwa taabu, huku ikimwia nzito, ana malipo mawili. Rehema ya Allah ni pana, na nyanya yangu ambaye hajui Kiarabu hasimami patupu anaposwali. Lakini mtazame nyanya yangu na unitazame mimi. Yeye hakupata nafasi ya kusoma. Mimi nina simu, nina maktaba, nina tafsiri za Kiswahili, na jirani yangu kitandani ni mtu anayejua. Asiyeweza kujua anahurumiwa. Anayeweza kujua na anachagua nini ajue, huyo ameonyesha anachokipenda. Kutoelewa kwangu hakukuwa ujinga, kulikuwa uchaguzi. Katika Suratul Israa, aya ya 36, Allah (s.w.t.) anatukataza kufuata tusichokuwa na ujuzi nacho, na anatuonya kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Nilikuwa nimezoea kudhani sikio ni mlango usio na bawabu, halina kosa kwa kinachoingia. Aya inasema vingine.

Usidhani mwenzangu yule ni sheikh asiyesikiliza kitu. Alinifundisha jambo ambalo mimi, mshabiki mkubwa, sikuwa nalijua. Katika miji ya Wayoruba, vijana wa Kiislamu walikuwa wakipita mitaani usiku wa Ramadhani, wakiimba na kupiga ngoma ili kuwaamsha watu kula daku. Muziki huo uliitwa were. Sikiru Ayinde Barrister alianza humo akiwa mtoto, na baadaye yeye na wenzake wakauendeleza ukawa fuji. Leo ukimsikiliza Asake, ambaye albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2022, ile namna ya kuvuta sauti na waitikiaji kudakia kwa pamoja, hiyo ni fuji imevaa nguo mpya. Kwa hiyo ndani ya Afrobeats tunayoicheza leo mna mabaki ya sauti iliyowaamsha watu wafunge.

Habari hiyo ilinifurahisha, kisha ikanitisha. Sauti ile haikubadilika sana. Kilichobadilika ni kinachobebwa nayo. Chombo kilichowahi kubeba wito wa daku sasa chaweza kubeba chupa, na mimi mpandaji sikuuliza kinakwenda wapi mradi safari ilikuwa tamu.

Basi nimefanya nini? Sitakudanganya kwamba nimefuta kila kitu. Mwenye kushika rai ya wanazuoni wengi akaacha ala zote, namheshimu, na huenda siku moja nikamfuata. Kwa sasa nimejiwekea sharti moja: wimbo nisioujua maana hauingii kwenye simu yangu, na nikishaijua, nijiulize kama ningeweza kuusoma kwa Kiswahili ukumbini kwetu, watu wote wakiwa wamekaa. Sharti dogo, lakini nyimbo zilizobaki ni chache kuliko nilivyotarajia. Na kila Ijumaa baada ya Alasiri mimi na mwenzangu tunachukua sura fupi moja, neno kwa neno. Tumefika Suratul Asr.

Lililonishinda ni moja. Nilimpigia simu mdogo wangu nikamwambia asiuimbe tena ule wimbo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia una maneno mabaya. Akauliza, "Sasa kaka, kwa nini ulinifundisha?" Nikamjibu kwamba sikuwa najua. Akakaa kimya, kwa namna ya mtoto ambaye jibu halijamtosha. Mama ananiambia ameacha kuuimba mbele za watu, lakini akiosha vyombo peke yake humtoka wenyewe, nusu ya kiitikio, kisha anakumbuka na kunyamaza.

Ule wimbo siwezi kuutoa kichwani mwake. Siku ile tutakaposimama, sikio langu litaulizwa lilisikia nini, nami nitajibu. Ninachokiogopa zaidi ni kuulizwa juu ya sikio lake.

Allah atupe masikio yanayosikia lililo jema na kulifuata, na atusamehe tuliyoyapitisha kwa wengine bila kuyajua. Wabillahi tawfiq.