Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Kufuta taa si kutengeneza gari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wenu mnacho kwenye droo ya gari: kile kimashine cha kupimia gari, skana. Zamani ukitaka gari lipimwe ilibidi uende gereji yenye kompyuta. Siku hizi skana ndogo unaipata kwa pesa isiyojaza tangi la mafuta. Unachomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani, unafungua simu, gari linakuambia linaumwa wapi. Hiyo ni neema. Lakini kila neema ina swali lake Siku ya Kiyama, na hii nayo ina lake.

Kuna ndugu ameleta swali, na ameridhia nilijibu hapa bila kumtaja. Anasema hivi: "Shekhe, gari yangu inawaka taa ya injini. Nimepima mwenyewe kwa skana, imeleta P0420. Fundi kasema masega ya eksozi yamechoka, na kuyabadilisha ni pesa nyingi. Gari inatembea vizuri tu. Nimepata mteja, anakuja Jumamosi, na hiyo pesa ni ada ya watoto. Nikibonyeza 'futa' taa ikazimika, kuna ubaya gani? Kasoro yenyewe hata si mimi niliyeiweka."

Swali zuri, na la kweli. Ada ni ada. Tusilijibu harakaharaka.

Kwanza tuelewe kimashine hiki kinafanya nini. Gari la kisasa linajipima lenyewe likiwa linatembea. Lina sensa za hewa, za moshi, za joto. Zikiona jambo haliko sawa, kompyuta ya gari inaandika namba na kuwasha taa. P0301 maana yake silinda ya kwanza inakosa moto, ndiyo mafundi wanaita gari inamisi. P0171 maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. P0420 maana yake masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Pamoja na namba, gari huhifadhi hali ilivyokuwa saa ile kosa lilipotokea: mwendo wako, mzunguko wa injini, joto lake. Limeandika kila kitu, na wewe dereva hukuhisi lolote.

Skana ina kazi mbili. Ya kwanza ni kusoma. Ya pili ni kufuta. Ya tatu, ambayo watu wanadhani inayo, haina: kutengeneza. Hakuna skana iliyowahi kubadilisha plagi. Ukibonyeza "futa", taa inazimika, namba inaondoka, na masega yamebaki vilevile yalivyokuwa dakika moja kabla.

Sasa turudi kwa ndugu yetu. Ametoa hoja tatu, mbili kwa ulimi na moja kwa kunyamaza.

Hoja ya kwanza: kasoro si mimi niliyeiweka. Hapa yuko sawa kabisa, wala hakuna anayemlaumu kwa masega kuchoka. Lakini kumbukeni ile hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye nafaka, ni nini hiki? Yule akajibu kwamba imenyeshewa na mvua. Tazameni vizuri: mvua hakuileta yeye. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akasema mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Kwa hiyo mvua haikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuigeuza nafaka, kavu juu na mbichi chini. Na kitufe cha "futa" Ijumaa usiku kabla mteja hajaja Jumamosi ni kuigeuza nafaka.

Hoja ya pili: gari inatembea vizuri tu. Hapa nataka tujue taa ile ilitoka wapi. Mfumo huu wa gari kujipima na kuwasha taa haukuletwa kwa ajili ya mfuko wa mwenye gari. Uliletwa kwa sababu ya moshi. Jimbo la California, Marekani, lilisumbuliwa na hewa chafu ya magari kwa miaka mingi, na ndilo lililoanza kulazimisha. Kisha kuanzia magari ya modeli ya 1996, kila gari dogo linalouzwa Marekani lilitakiwa kuwa na mfumo huu na tundu lake la aina moja. Ulaya ikafuata, magari ya petroli kuanzia 2001. Yaani asili ya taa ile ni haki ya jirani. Ni haki ya mtoto anayepita nyuma ya eksozi yako, na mama anayeuza vitumbua kando ya kituo cha daladala. Wewe unaona gari linatembea. Taa inakuambia kuna mtu mwingine anavuta unachokitoa. Na dini yetu imejengwa juu ya msingi kwamba mtu asidhuru wala asilipize dhara kwa dhara.

Hoja ya tatu hakuisema, ila wengi wanayo moyoni: mteja ana macho, aje na fundi wake, aje na skana yake. Nauza kama lilivyo. Ndugu zangu, katika madhehebu yetu ya Shafi, neno hili "kama lilivyo" halimwokoi muuzaji na kasoro aliyokuwa anaijua akaificha. Mnunuzi akiigundua ana haki ya kurudisha mali kwa sababu ya aibu iliyokuwamo. Na hapa ndipo skana inapobadilisha hukumu yako. Kabla hujainunua, ungeweza kuapa ukasema sikujua, na ungekuwa mkweli. Leo unajua, tena kwa namba. Elimu hiyo uliitafuta kwa pesa yako mwenyewe, na tangu dakika ulipoipata imekuwa amana. Anayejua anadaiwa zaidi ya asiyejua.

Hapo kuna mtu atanipinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: "Shekhe, si ninyi mnaotufundisha kila siku kustiri? Allah anapenda sitara. Mtu akitenda dhambi usiku akastiriwa, asiamke asubuhi akajitangaza. Sasa kama aibu ya nafsi nastiri, aibu ya gari nisistiri kwa nini?"

Jibu ni hili. Aibu ya nafsi yako, isiyomgusa mwingine, ni baina yako na Mola wako. Jirani hakuinunua, wala hakuilipia. Ukiistiri hujamchukulia mtu kitu. Lakini kasoro ya bidhaa inabadilisha mkono pamoja na pesa. Ukiificha, umechukua pesa ya gari zima na kutoa gari bovu, na ile tofauti katikati ni mali ya mtu iko mfukoni mwako. Sitara ni kwa haki yako. Haki ya mwenzako huna mamlaka ya kuifunika.

Na kuna jambo la ndani zaidi. Kustiri si kufuta. Anayestiri dhambi yake kwa watu bado anaijua, inamuuma, anaishughulikia peke yake usiku. Anayefuta ameizima hata kwake mwenyewe. Sura al-Qiyama, aya ya 14 na 15, inatufahamisha kwamba mwanadamu ni shahidi juu ya nafsi yake hata akitoa nyudhuru zake zote. Kwa hiyo yule unayemfuta ni shahidi, na shahidi huyu hafutiki.

Hata gari lenyewe linatufundisha hilo. Wasiojua wanadhani wakifuta wamemaliza. Ukweli ni kwamba ukifuta, vile vipimo vya ndani ambavyo gari hujifanyia vinarudi kwenye hali ya "bado", na havikamiliki mpaka gari litembee safari kadhaa. Magari mengi pia huhesabu kilomita tangu kumbukumbu ilipofutwa. Mnunuzi mwenye skana akikuta kilomita 9 na vipimo vyote "bado", ameshajua jana usiku ulifanya nini. Na katika magari mapya zaidi, sheria ya Marekani iliyataka kuanzia modeli za mwaka 2010 hivi, kuna namba za kudumu ambazo skana yoyote ikibonyezwa haiziondoi. Huondoka kwa njia moja: utengeneze, kisha gari litembee, lijipime lenyewe, lihakikishe kasoro haipo. Sio kila gari letu lililotoka Japani lina kitu hicho, lakini somo lipo kwa kila mmoja wetu.

Maana tumo katika kumi hili la kati, ambalo tumezoea kuliita kumi la maghfira. Na ulimi wetu una kitufe. Astaghfirullah mara mia, mara elfu, tasbihi mkononi. Ni ibada kubwa, tusiiache. Lakini wanazuoni wametuwekea masharti ya toba: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na likiwa limegusa haki ya mtu, kumrudishia haki yake au kumwomba akusamehe. Angalia lile la mwisho. Mtu anadaiwa mshahara na kijana wake wa dukani, miezi mitatu, naye anasimama tarawehe analia. Machozi ni ya kweli. Lakini taa ya yule kijana haizimwi kwa machozi, inazimwa kwa mshahara.

Mfano una mwisho wake, tusiuvute kupita kiasi. Mola wetu si kompyuta. Anasamehe kwa rehema yake, anafuta anachotaka, na mja hana wa kumpangia. Ila haki za waja ametuambia tuzirudishe, na hilo hatuwezi kulifanyia njia ya mkato.

Na wewe mwenye skana, adabu nyingine mbili kwa ufupi.

Moja, namba si hukumu. P0171 haikuambii kitu gani kimeharibika. Inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa imechafuka, pampu ya mafuta imechoka. Mtu anasoma namba, anakimbilia kununua sensa, anabadilisha, taa inarudi. Ndivyo tunavyofanya na watu pia. Tunaona dalili, mke kanuna, mtoto hasemi, mfanyakazi kachelewa, tunatoa hukumu palepale. Dalili ni mwanzo wa kuuliza.

Mbili, skana isiwe fimbo ya kumpigia fundi. Haioni tairi lililokwisha, wala pedi za breki, wala nati iliyolegea. Fundi mwenye masikio yake anasikia vitu ambavyo namba hazina. Tumekatazwa dhana mbaya katika Sura al-Hujurat, aya ya 12, na fundi ni katika waislamu wanaostahili dhana njema mpaka kuwe na sababu.

Basi ndugu yangu uliyeuliza, jibu langu ni hili. Usifute. Mteja akija Jumamosi, iache taa iwake, mwoneshe namba kwenye simu yako, mwambie fundi alisema nini na bei aliyotaja. Mkubaliane upya. Ukiweza kutengeneza kwanza, tengeneza, kisha ufute, hapo kufuta ni halali na ni kweli. Ndiyo, pesa itapungua. Sitakudanganya kwamba kesho asubuhi utarudishiwa mara mbili. Pengine itabidi uende shuleni ukaombe ulipe ada kwa awamu, na hilo ni zito kwa mzazi. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea kwamba wauzaji na wanunuzi wakisema kweli na wakabainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka ya biashara yao hufutwa. Kwa hiyo kuna kitu kitafutika Jumamosi kwa vyovyote vile. Ukifuta taa, inafutika baraka, na hiyo baraka ndiyo ungeipeleka shuleni kwa watoto wako.

Na sisi wengine wasikilizaji, hata tusio na gari, tuna kazi ya leo kabla ya futari. Sura al-Hashr, aya ya 18, inatuamrisha kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho. Kaa mahali peke yako dakika kumi. Usimpime mwenzako, jipime wewe. Tafuta taa moja tu ambayo umekuwa ukiizima kila inapowaka: deni, ahadi, mtu uliyemkata, kitu cha watu kilichokaa kwako. Usiitangaze. Usiandike hapa kwenye kundi. Ila usiifute. Anza kuitengeneza leo, hata kama ni kwa kupiga simu moja.

Ewe Mola wetu, tuoneshe kasoro zetu kabla hazijaoneshwa mbele ya viumbe wote. Tupe ujasiri wa kusema kweli pale kweli inapotugharimu. Warahisishie wazazi wenye ada, madeni na wagonjwa, wafungulie milango ya halali. Tustiri, na utusamehe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Futari njema, na tukutane isha na tarawehe, in shaa Allah.