Kikombe Alichokataa Bwana

Somo: Marko 15:22–24



Kasisi wetu alituomba tuandike habari za bangi, kwa kuwa wazazi wengi wa mtaa huu wamemlilia juu ya vijana wao walioko machimboni. Tulikubali upesi mno. Mtu aliyeshika chaki zaidi ya miaka thelathini hakosi la kusema juu ya makosa ya vijana. Lakini tulipokaa na kalamu, jambo moja letu wenyewe lilitujia, nasi tumeona haifai kuandika lolote kabla ya kulisema.

Mwaka 1981 tulikuwa chuo cha ualimu. Usiku mmoja, nyuma ya bweni, mwenzetu alitoa msokoto, nasi tukauvuta. Hakuna aliyetulazimisha. Tuliogopa tu. Kesho yake tulikuwa na mazoezi ya kufundisha mbele ya mkufunzi, na mwenzetu alisema moshi ule huondoa woga. Kwanza tulicheka bila sababu. Kisha moyo ukaenda mbio, tukadhani tunakufa. Asubuhi tuliandika tarehe ubaoni, na lililopasa kufuata hatukulikumbuka. Mkufunzi alidhani tuna malaria, nasi tukamwacha adhani hivyo. Hatukurudia tena, wala hatukupata adhabu yoyote.

Miaka michache baadaye, siku ya zamu yetu, tulimkamata mvulana wa darasa la saba na bangi ndani ya daftari. Tulimchapa mstarini mbele ya shule nzima, akafukuzwa, na mtihani hakuufanya. Siku ile tulijisifu ofisini. Hatukumwuliza hata swali moja.

Mwaka 2016 tulikwenda msibani upande wa Nyarugusu, Geita. Mtu mwenye mvi chache alitujia akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yeye. Akatununulia chai, akatuuliza habari za nyumbani. Tulipoanza kuomba radhi alicheka, akasema, "Mwalimu, fimbo zako zilinifundisha kuficha." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi.

Ndipo alipotueleza kazi yake, nasi tulisikiliza kama mwanafunzi. Duara huchimbwa kwenda chini mita nyingi, kuta zikishikiliwa na matimba. Mtu hushuka kwa kamba, chini kuna joto na vumbi, na hewa ni haba. Malipo ni mgao wa mifuko ya mawe. Mawe yasipokuwa na dhahabu, umefanya kazi bure. "Siku ya kwanza," alisema, "mwili ulishuka, moyo ukabaki juu." Wenzake walimpa msokoto ili moyo umfuate.

Nani atasema hofu hiyo ni ya kitoto? Mwezi Oktoba 2015, huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji walifukiwa chini ya ardhi. Watano waliokolewa baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula mende na vyura na kunywa maji yaliyodondoka. Mwenzao wa sita alifia humo humo. Hatusemi kwamba hao walivuta kitu, hasha. Twasema hivi ili sisi tulalao vitandani tujue mdomo wa duara unavyoonekana machoni pa kijana wa miaka ishirini.

Sasa tutazame Golgotha. Marko asema walimpa Bwana divai iliyotiwa manemane, asiipokee. Wafafanuzi wengi husema ilitolewa kwa huruma, ili kupunguza maumivu ya wanaosulibiwa. Bwana aliikataa, akaingia katika saa ile akiwa na akili zake zote. Usiku uliotangulia, bustanini, alikuwa amewaambia wanafunzi wake wazi kwamba ana huzuni kubwa, akawataka wakeshe naye. Wao wakalala. Hapo ndipo tunapojiona sisi wa Kanisa.

Tena Injili haituambii kama wale wanyang'anyi wawili walikunywa au hawakunywa. Bwana alimwahidi mmoja wao Peponi bila kumwuliza habari hiyo.

Msije mkafikiri tunaitetea bangi. Haiondoi hatari, bali huondoa macho ya kuiona. Timba linapolia, mwenye akili timamu hukimbia, aliyevuta huchelewa. Hudhoofisha kumbukumbu, na humdhuru zaidi kijana, ambaye ubongo wake huendelea kukomaa mpaka yapata miaka 25. Karibu mtumiaji mmoja kati ya kumi hufungwa nayo asiweze kuiacha, na wengine huchafukiwa akili kabisa. Vijana hutuambia kwamba Canada waliihalalisha mwaka 2018, na kwamba mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu mtu mzima kuitumia faraghani. Ni kweli. Lakini hata huko aliyelewa bangi haruhusiwi kuendesha gari, sembuse kushuka shimoni! Na hapa kwetu sheria ya mwaka 2015 yaikataza, na vifungo vyake ni virefu.

Wazee wenzetu nao wasicheke pembeni. Viroba vilipopigwa marufuku mwaka 2017, wapo walionung'unika hapa hapa mlangoni pa kanisa, na gongo haijapungua vijijini. Babu zetu wengine walivuta bangi hiyo hiyo kwa kiko cha kibuyu, na hatukuwahi kusikia wakitengwa.

Twasema haya kwa sababu kijana mmoja wa kwaya yetu, mwenye sauti ya besi, amekiri kwamba huvuta kila ashukapo. Katika baraza la mtaa wako waliotaka azuiwe Meza ya Bwana mara moja. Sisi tuliomba jambo lisubiri, tukaeleza habari za mwaka 1981. Kimya kilikuwa kirefu, na mjumbe mmoja hajatusalimu vizuri tangu siku ile.

Kisha tulimwuliza kijana swali ambalo hatukumwuliza yule mvulana: unaogopa nini? Alijibu kwa nusu saa. Anaogopa kamba kuukuu ya duara lake, na kumwambia mwenye duara, asije akapewa zamu mtu mwingine. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa fundi wa matimba, amekubali kwenda naye kuitazama kamba hiyo na kusema na mwenye duara. Nasi siku za Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya, twaketi naye chini ya mwembe.

Alhamisi iliyopita tulimwuliza wiki imekwendaje. Akasema, "Mwalimu, Jumatatu nilivuta. Jumanne nilivuta. Jana nilishuka hivi hivi, nikatetemeka mpaka chini." Tukamwuliza alifanyaje. Akasema aliimba besi peke yake, na wenzake walidhani amevuta.