Somo la Mtani

Usiku wa tarehe 5 Novemba 2023 nilimdanganya mjukuu wangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja wakati huo, mlinda mlango wa timu ya watoto wa mtaani kwetu, na kila ninalomwambia juu ya kandanda hulimeza kama dawa, bila kulitafuna. Simba, timu niliyoipenda tangu nikiwa mdogo kuliko yeye, ilikuwa imefungwa na Yanga mabao 5-1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Hadi mapumziko ilikuwa 1-1, na mimi nilikuwa bado na maneno mengi. Kipindi cha pili yakaingia manne. Mtoto akaniuliza, "Babu, mbona wametufunga hivi?" Nikamjibu upesi kwamba refa alikuwa wao. Akanyamaza kidogo, akatazama vidole vyake, kisha akasema, "Yote matano?"

Nilimwambia akalale, kesho shule.

Tangu usiku ule swali lake limekuwa likinisumbua kuliko mabao yenyewe. Nilikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewapiga marufuku wanafunzi wasiohesabika kusema "mtihani ulikuwa mgumu" kabla hawajaniambia walisoma saa ngapi. Na hapa, mbele ya mtoto wa damu yangu, nilikimbilia kisingizio kabla sijaulizwa mara ya pili. Kwa nini ni vigumu hivi kwa aliyeshindwa kumtazama aliyemshinda usoni na kusema: amecheza vizuri kuliko sisi, hebu nione anafanyaje?

Watu husema ni husuda. Sidhani kwamba neno hilo linatosha. Hasidi hutaka mwenzake anyang'anywe alichonacho. Mimi sikutaka Yanga wanyang'anywe kitu. Nilitaka tu isiwe kweli kwamba wanacho. Hilo ni jambo jingine, na naona ni baya zaidi, kwa sababu hasidi angalau amekiona kile anachokionea kijicho. Anayekana hajakiona kabisa, na asichokiona hawezi kujifunza.

Washabiki tunazo nyumba tatu za kujificha. Ya kwanza ni refa. Ya pili ni uchawi, nayo sitaizungumzia, maana kama ndumba zingefunga mabao ligi yetu ingemalizika kila mwaka kwa sare. Ya tatu ni fedha, na hii ndiyo imara kuliko zote kwa kuwa imejengwa kwa nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba bingwa wa siku hizi ana tajiri nyuma yake. Lakini sisi Simba tulipochukua ubingwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, hatukuwa maskini, na sikumsikia mwana Simba hata mmoja akisema kombe lile ni la fedha. Tulisema ni la ufundi. Watazame Azam: wana uwanja wao Chamazi, wana kampuni kubwa nyuma yao, walipanda Ligi Kuu mwaka 2008, na wakaja kuwa mabingwa msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mchezo mmoja. Hata hivyo miaka zaidi ya kumi ikapita baada ya hapo bila wao kulirudia. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ilichukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, mbele ya Simba na Yanga wote wawili. Fedha hufungua mlango. Ndani ya nyumba kuna kazi nyingine.

Basi tuseme mshindani ameshatoka katika nyumba hizo, amekubali kwamba bingwa ana la kumfunza. Hapo nako kuna mtego, maana wengi hujifunza lile linaloonekana kwa macho ya siku ya sherehe. Humtazama bingwa akiwa juu ya gari la wazi na kombe mkononi, na wakarudi nyumbani kutafuta gari. Kwa klabu zetu hizi mbili kubwa, somo la kwanza linalokuja kichwani ni kumchukua mchezaji wa mwenzako. Mwaka 2017 tulimchukua Haruna Niyonzima kutoka Yanga tukashangilia kama tumechukua kombe. Mwaka 2024 wao wakamchukua Clatous Chama kutoka kwetu, nao wakashangilia vivyo hivyo. Sisemi ni vibaya. Mchezaji ni mfanyakazi na ana haki ya kutafuta riziki. Nasema tu kwamba furaha ile ina zaidi ya kumwumiza mtani kuliko ya kujenga timu.

Somo la pili la haraka ni kumfukuza kocha. Siku mbili baada ya yale mabao matano, Simba iliachana na Robertinho. Akaja Benchikha, naye akaondoka kabla ya msimu kwisha, tukaumalizia na Juma Mgunda. Zamani ningekuambia kwamba hilo ndilo kosa letu, na kwamba bingwa hutulia na kocha wake. Lakini ukweli una mikwaruzo. Msimu wa 2024/25 Yanga walianza na Gamondi, wakaenda kwa Ramovic, wakamalizia na Hamdi, makocha watatu, na kombe wakalichukua. Mwaka huo huo Simba ilikaa na Fadlu Davids msimu mzima, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa na Berkane ya Morocco kwa jumla ya mabao 3-1, na katika ligi ikawa ya pili. Kwa hiyo anayetaka kanuni ya maneno matatu ya kubandika ukutani, sina.

Nilicho nacho ni jambo nililoliona baadaye, nilipokaa na kalamu nikaandika majina. Sikuanza na washambuliaji, maana hao ndio kila mtu huwaona na ndio huuzwa kwanza. Fiston Mayele aliifungia Yanga mabao hata watoto wakaiga anavyotetema, akaondoka 2023, na mwaka uliofuata ubingwa ukabaki palepale. Nabi, kocha aliyeuanza mwendo ule, aliondoka mwaka huo huo wa 2023. Nikaanza nyuma. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union mwaka 2020. Dickson Job alitoka Mtibwa Januari 2021. Ibrahim Bacca alitoka KMKM ya Zanzibar Januari 2022. Djigui Diarra kutoka Mali na Khalid Aucho kutoka Uganda walikuja 2021. Watu hao watano, watatu kati yao ni vijana wetu waliochukuliwa katika timu ambazo sisi tulizipita kila mwaka tukizitazama kwa kiburi, walikuwapo katika ubingwa wa 2021/22, wakawapo wa 2022/23, wa 2023/24 na wa 2024/25. Makocha walipita, wafungaji walipita, uti wa mgongo ukabaki.

Sasa zitazame tarehe hizo tena. Mwamnyeto na Job walifika wakati ambao Yanga walikuwa wakishindwa. Simba ndiyo ilikuwa bingwa 2020 na 2021. Tarehe 25 Julai 2021, Kigoma, katika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, tuliwafunga 1-0 tukarudi na makombe yote mawili. Siku ile mimi nilikuwa naimba. Wao walikuwa na mabeki wawili vijana ambao waliwaacha wakae pamoja, wafungwe pamoja na wakomae pamoja. Jambo la kujifunza kwa bingwa lilikuwa limelala pale mbele ya macho yetu wakati hajawa bingwa, na nani humchunguza aliyeshindwa? Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba swali la kumwuliza bingwa ni hili: ulifanya nini mwaka ule tulipokufunga?

Kuna watakaosema kwamba kila timu ikijifunza kwa bingwa zote zitafanana, na mchezo utakufa. Ningekubali kama kujifunza kungekuwa ni kuiga. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga walikwenda Mbarali, kwenye nchi ya mpunga, wakiwa wamecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa, wakakutana na Ihefu, timu iliyokuwa ikihangaika mkiani. Ihefu ikashinda 2-1. Oktoba 2023, kwenye uwanja ule ule, ikashinda tena 2-1. Hakuna aliyeweza kusema Ihefu wameiga Yanga. Hawakuwa na cha kuigia. Walicheza mchezo wao, kwenye nyasi zao, na nilipousikia mchezo ule wa kwanza nilicheka sana, nikampigia simu kila mtu wa Yanga ninayemjua. Sikujiuliza kwa nini timu ya wakulima wa mpunga imeweza lile ambalo sisi tulikuwa tumelishindwa.

Bingwa naye husahau upesi. Tarehe 19 Julai 1977, nikiwa kijana, nilikuwa nimebandika sikio kwenye redio Simba ilipoifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Tumeliishi bao lile la sita hadi leo. Lakini mwaka mmoja kabla yake Yanga walikuwa wamegombana wao kwa wao hadi sehemu ya klabu ikajitenga ikaunda Pan African. Tuliifunga nyumba iliyokwisha kubomoka. Hatukulisema hilo, kwa kuwa lingepunguza utamu; na kwa kuwa hatukulisema, hatukujifunza kwamba ugomvi wa ndani hufunga mabao kuliko Kibadeni. Miaka iliyofuata tuligombana wenyewe, mara nyingi, na sikumbuki mzee yeyote aliyesimama kwenye mkutano akatukumbusha Yanga ya 1976.

Hapa ndipo ninapofikiri juu ya neno tunalolitumia kila siku bila kulisikia. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Yanga ilianza 1935 na Simba 1936, na kwa umri huo jadi wameipata. Je, utani wameupata? Mimi nilikua naona utani wenyewe, wa Wangoni na Wahehe, makabila yaliyouana vitani karne ya 19 na baadaye yakafanyiana maskhara. Mtani huja msibani kwako, hulala kwenye kaburi ulilochimba na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, huku akisema mbele ya watu kwamba marehemu alikuwa mchoyo. Na alikuwa mchoyo kweli. Ndugu wa damu hawawezi kulisema. Mtani amepewa ruhusa ya kusema kweli na asichukiwe, na wewe umefungwa na mila kuisikiliza na kucheka. Sisi washabiki tumebaki na kejeli tu, ile kweli iliyokuwa ndani yake tumeitupa. Mtani wangu ananiambia "matano, matano" na mimi namwambia "sita, sita", na hakuna hata mmoja kati yetu aliyepata habari mpya.

Jirani yangu, fundi cherehani, ni Yanga tangu ujana wake. Jioni moja ya mwisho wa Julai 2021, baada ya ile fainali ya Kigoma, alikuja kwangu akakaa barazani, na baada ya kunywa chai akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, hivi nyinyi mmewezaje miaka minne?" Lilikuwa swali la mtu anayetaka kujua. Nilimjibu kwamba achukue kitabu aandike, maana darasa ni la bure kwa watu wa Jangwani, na vijana waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Alicheka naye. Hakuuliza tena.

Tarehe 25 Juni 2025 Yanga walitufunga 2-0 katika mchezo wa mwisho wa ligi wakachukua ubingwa wa nne mfululizo. Mjukuu wangu alikuwa amefika kumi na tatu. Safari hii hakuniuliza kitu, alizima televisheni akatoka nje. Kesho yake asubuhi nikavuka barabara kwenda kwa fundi. Alikuwa na suruali ya mtu mezani. Nikamsabahi, nikakaa kwenye benchi lake, nikamwuliza, "Fundi, mmewezaje miaka minne?"

Alisimamisha cherehani, akanitazama juu ya miwani.

"Mwalimu," akasema, "mimi swali hilo nilikuuliza wewe. Ulinijibu nini vile?"

Nikamwambia sikumbuki. Nilikumbuka. Akatabasamu, akasogeza suruali pembeni, akaanza kunisimulia habari za Mwamnyeto alipokuja kutoka Tanga.