Jina ni lake, deni si lake

Fundi anayenishonea, mama mmoja wa Sinza mwenye cherehani tatu, wiki hii alitukanwa mbele ya wateja kwa pesa ambayo hakuila. Binti aliingia akidai gauni lake la sendofu. Kianzio ameshatuma, meseji anazo, sherehe Jumamosi. Fundi akaichukua simu akasoma. Picha za magauni ni zake, kazipiga mwenyewe mlangoni. Jina la duka ni lake, na hata ule ukaribisho wa "karibu mpenzi" ni wake. Namba ya simu ndiyo haijui.

Tapeli amenikera, lakini walionikera zaidi ni waliokaa kwenye benchi wakisubiri kupimwa. Mmoja akasema, "Dada, mshonee tu, jina lako ndilo lililomponza." Mwingine, mtu mzima kabisa, akamtaka fundi ashukuru, maana hakuna anayeiga jina lisilouza.

Ashukuru! Fundi huyu hana bango barabarani wala mkopo wa benki. Anakula kwa sababu mteja humwambia mteja mwenzake kwamba pale nguo inatoka siku iliyoahidiwa, hata ikiwa ni mkesha wa Idi. Tapeli angeiga mshono wake, wangeshindana kwa sindano. Huyu hajui hata kutia uzi. Amechukua uaminifu wa miaka, akauuza kwa kianzio cha gauni moja.

Nilimuuliza binti ni jina gani lilitokea alipokuwa anatuma pesa. La mwanamume, akasema. Aliuliza, akajibiwa kwa upole kwamba huyo ni mhasibu wa duka. Mhasibu wa cherehani tatu! Lakini tusimcheke. Sherehe imekaribia, bei imepunguzwa kidogo, na anayejibu ana adabu kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Na huyo "mhasibu" huenda naye hana habari. Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, tukaamini kila namba sasa ina mwenyewe. Kisha ukakutana na wakala chini ya mwamvuli: "Weka dole tena mzee, haijasoma." Dole la pili linaweza kusajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ikaishia mikononi mwa mtu wa namna hii. Jina la fundi likamvuta mteja, jina la mzee likapokea pesa, na mwizi mwenyewe hakutokea popote. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Sasa turudi kwa wale wa benchi. Watasema kumshonea binti bure ni ubinadamu. Nami nauliza: akija wa pili na meseji zake? Wa tatu? Akishona leo amekiri deni, na tapeli atakuwa amepata fundi wa kumalizia kazi zake bila malipo.

Binti hamdai fundi gauni. Anachostahili kupata kwake ni ushahidi, tena mapema. Wafanyabiashara wengi hunyamaza wakihofia wateja watakimbia, na huku wamenyamaza mwenzao anaendelea kupokea vianzio. Fundi wangu hakunyamaza. Siku ileile alibandika mlangoni namba yake moja na jina linalotokea ukimlipa, akaiweka hiyo karatasi WhatsApp, akamsindikiza binti polisi wakapata RB, naye akatoa maelezo yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta, kwa hiyo pale kaunta walalamikaji walikuwa wawili. Namba ya tapeli wakairipoti TCRA kupitia 15040.

Kuna atakayesema polisi hawatamkamata. Inawezekana. Lakini mteja anayepita pale mlangoni kesho ameshaonywa, na onyo hilo halikumgharimu fundi zaidi ya karatasi na gundi.

Nawe unayeagiza kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa si la unayemjua, acha hapo hapo, mpigie fundi kwa namba yake ya zamani. Akikuambia "huyo ni mhasibu wetu", nenda dukani ukamwone huyo mhasibu.