Dawa Iliyo Ndani ya Chakula

Hapana shaka kwamba kumkinga mtu na maradhi ni wema mkubwa. Lakini je, wema huo wahalalisha kila njia ya kuufikia? Swali hili latujia tutazamapo chanjo ya kuliwa.

Chanjo ya sindano yataka barafu, yataka mganga, yataka fedha. Wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Charles Arntzen, wakafikiri: kwani mmea wenyewe hauwezi kuizalisha? Mwaka 1992 walionyesha kuwa tumbaku yaweza kufanya ile sehemu ya kirusi cha homa ya ini aina ya B itumiwayo katika chanjo. Mwaka 1998 ikatangazwa habari ya watu 11 waliokula viazi vibichi vyenye sehemu isiyodhuru ya sumu ya vijidudu vya kuhara. 10 kati yao kinga ikapanda katika damu zao.

Hatumlaumu aliyeitafuta njia hii. Mtoto wa kijiji kisicho na barafu ana haki ya kukingwa sawa na mtoto wa mjini. Illa chakula na dawa havina hukumu moja. Chakula twala tushibe. Dawa twanywa kwa kipimo, na kwa idhini ya mwenye mwili au ya mzazi wake. Mahindi yaliyochanganyika sokoni hayaombi idhini ya mtu.

Wala hii si hofu tupu. Mwaka 2002, katika jimbo la Nebraska, mabaki ya mahindi ya kampuni ya ProdiGene, yaliyofanywa yatoe dawa, yaliota katika shamba la soya yakavunwa pamoja nayo. Serikali ikaizuia soya hiyo isiliwe, na kampuni ikatozwa faini ya dola 250,000.

Huenda mtu akasema: mbona chumvi yetu yatiwa iodini kwa sheria, wala hatuulizwi? Naam, lakini imeandikwa juu ya pakiti, kipimo chake chajulikana, na mwili waihitaji kila siku. Chanjo ina wakati wake na mtu wake.

Kwa hiyo twaona njia ya Japani ni bora: mpunga wenye kinga ya kipindupindu huoteshwa ndani ya jengo lililofungwa, mchele wake ukasagwa, unga ukanywewa kwa kipimo na mtu ajuaye anywacho. Mmea umebaki kuwa mmea, na dawa ikaitwa dawa. Anayetaka kumnufaisha mwenziwe na aanze kwa kumwambia kilichomo katika sahani yake.